Kabla ya Kubonyeza Restore: Majibu kwa Wenye iPod na Vicheza Muziki vya Zamani

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinalia jambo moja: chombo kinacheza vizuri, lakini kikiunganishwa na kompyuta nyimbo haziingii. Tuanze na neno moja kwa kila mwenye iPod au mfano wake. Usikubali kufuta chochote mpaka nyimbo zilizomo ziwe na nakala mahali pengine. Huku pwani vyombo hivi vimebeba taarab za harusi, kasida na Maulidi zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti, na kaseti zenyewe nyingi zimeshaliwa na ukungu. Huenda nakala ya mwisho ni hiyo iliyomo mfukoni mwako.

*Assalaam aleikum. Nina iPod Classic ya GB 160. Nikiichomeka kwenye laptopu inaonyesha inachaji, lakini iTunes haioni kitu. Nimeiondoa iTunes na kuiweka tena mara tatu. Waya wa asili ulipotea, natumia nilioununua mtaani.*
— Msomaji wa Langoni, Lamu

Waaleikum salaam, ndugu yetu. iTunes, ile programu ya Apple ya kutia nyimbo, iache ilivyo. Mshukiwa wa kwanza ni huo waya. Ndani ya waya kamili wa USB mna nyuzi nne: nyekundu na nyeusi zinapitisha umeme, kijani na nyeupe zinapitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zina nyekundu na nyeusi peke yake. Nyingine zina zote nne, lakini ya kijani au nyeupe imekatika karibu na kichwa, pale waya unapokunjwa kila siku. Chombo kitachaji usiku kucha na kompyuta isijue kama kipo.

Huna haja ya kuukata waya ili kujua. Kwenye Windows, bofya Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Device Manager, kisha chomeka iPod huku ukiitazama ile orodha. Waya ukiwa mzima, kompyuta hutoa mlio mfupi, orodha hujipanga upya, na chini ya Disk drives hutokea jina lenye neno iPod. Orodha isipotikisika hata kidogo, habari haijaifikia Windows, sembuse iTunes. Kuisakinisha iTunes mara ya nne hakutasaidia. Azima waya mwingine, hata wa iPhone 4 au iPad ya kwanza. Kichwa chake ni kilekile kipana cha pini 30.

Waya mwingine nao ukikataa, chukua tochi uangalie ndani ya tundu la iPod. Hewa ya chumvi ya Lamu haina huruma na shaba: utaona vumbi la kijani au weusi juu ya pini, na mara nyingi nyuzi za nguo za mfukoni zimeshindiliwa pembeni hadi kichwa hakiingii sawasawa. Zima chombo, utelezeshe Hold, ile swichi ya kufunga vitufe. Nyuzi zitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano kabisa, kisha sugua pini taratibu kwa mswaki laini ulioloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Acha nusu saa ikauke. Ile spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa nayo inafaa, ila ina maji zaidi, kwa hiyo ipe saa mbili. Na kama kichwa cha waya wako kina vitufe viwili ubavuni, vifinye kila unapouchomoa. Anayeuvuta bila kuvifinya huondoka na tundu lote.

Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, si kupitia kigawanyo cha USB. Kwenye kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma.

Sasa, ikiwa Device Manager inaiona iPod lakini iTunes haiioni, mambo ni mawili. Kwanza ni herufi ya diski. Windows huipa iPod herufi kama vile E au F, na kama herufi hiyo imeshikwa na msomaji wa memori kadi au diski ya mtandao wa ofisi, iPod hubaki nje. Fungua Disk Management, itafute kwa ukubwa wake, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Change Drive Letter, uipe herufi ya mbali kama P. Jambo la pili limewanasa wengi: ukisakinisha programu mpya za Apple Music na Apple Devices kwenye Windows, iTunes hubakishiwa podikasti na vitabu vya sauti tu. Kwa mwenye iPod ya zamani, ushauri wetu ni kuziondoa hizo mbili na kubaki na iTunes peke yake.

*Baba yetu alituachia iPod yenye nyimbo kama 4,000, nyingi ni taarab za zamani. Laptopu yake imekufa. Nimeiunganisha na laptopu yangu, iTunes ikasema iPod hii imeunganishwa na maktaba nyingine, niifute na kusawazisha upya? Nimeogopa nikaichomoa. Nifanyeje?*
— Binti wa Barani, Malindi

Mwanetu, umefanya la maana kuogopa. Kile kitufe cha Erase and Sync kingeondoa kila wimbo wa baba na kuweka vilivyomo kwenye laptopu yako, pengine nyimbo kumi na mbili. iPod ya aina hii hutambua maktaba moja tu ya kusawazisha. Ikikutana na nyingine, haichanganyi, inabadilisha. Lakini nyimbo zilizomo ni faili za kawaida, na zinatolewa bila kununua programu yoyote.

Hakikisha laptopu ina nafasi. Nyimbo 4,000 kwa wastani wa MB 5 kila mmoja ni GB 20. Tenga GB 40 uwe salama. Iweke kwenye chaji na uizuie isilale, maana kunakili kutachukua nusu saa mpaka saa nzima.

Ifunge iTunes kabisa. Ondoa Hold kwenye iPod, kisha shikilia Menu pamoja na kitufe cha katikati kwa sekunde 6 hadi 8 mpaka tufaha litokee. Tufaha likitokea tu, achia, ushike mara moja kitufe cha katikati pamoja na kile cha kucheza kilicho chini ya gurudumu. Skrini itaandika Disk Mode. Ukichelewa itawaka kama kawaida. Rudia, hakuna kilichoharibika. Ndipo uchomeke waya. Kama iTunes itajifungua yenyewe, shikilia Ctrl na Shift unapochomeka: hiyo huizuia isisawazishe. Kwenye Mac ni Command na Option.

Fungua File Explorer uingie kwenye diski ya iPod. Itaonekana kama tupu, kwa sababu folda yenyewe imefichwa. Kwenye menyu ya View washa Hidden items. Kwenye Windows 11 ipo chini ya View kisha Show. Itatokea folda ya iPod_Control, na ndani yake folda ya Music. Humo utakuta F00, F01, F02 na kuendelea, na ndani ya kila moja faili zenye majina ya herufi nne yasiyo na maana, mfano wa KQZB.mp3 au WTLA.m4a. Usishtuke ukadhani zimeharibika. iPod huzipa majina hayo yenyewe na kuzitawanya. Jina la wimbo na la mwimbaji limeandikwa kwenye lebo iliyomo ndani ya faili.

Nakili folda nzima ya iPod_Control hadi kwenye laptopu. Usihamishe, nakili. Ikimalizika, angalia Properties za folda zote mbili, ya iPod na ya laptopu: idadi ya faili na jumla ya baiti zilingane kabisa. Kisha toa nakala ya pili kwenye diski ya nje, uiweke nyumba nyingine.

Hapo sasa fungua iTunes. Kwenye Preferences, sehemu ya Advanced, weka alama kwenye viboksi viwili: cha kupanga folda ya muziki na cha kunakili faili zinapoongezwa. Kisha File, Add Folder to Library, na uielekeze kwenye folda ya Music uliyoinakili. iTunes itasoma lebo, itarudisha majina na kupanga kila mwimbaji kwenye folda yake. Orodha maalumu alizozipanga mzee hazitarudi kwa njia hii.

Jambo moja tulitilie mkazo. Nyimbo zilizotolewa kwenye kaseti mara nyingi zilihifadhiwa kama WAV, na WAV kwa kawaida haibebi lebo. Majina yake aliyaandika mzee kwa mkono ndani ya iTunes, na kwenye iPod yamehifadhiwa mahali pamoja tu: faili inayoitwa iTunesDB, ndani ya iPod_Control kwenye folda ya iTunes. Ndiyo maana tumesema unakili iPod_Control yote, si Music peke yake. Ukiona nyimbo zimeingia kwa majina kama KQZB, usifute kitu. Iunganishe iPod na kompyuta yenye Linux, ufungue programu ya Rhythmbox. Hiyo huisoma iTunesDB na kuonyesha kila wimbo kwa jina lake. Kaa chini na ndugu zako mwandike. Ni kazi ya siku mbili tatu, nayo haiwezi kufanywa tena iTunesDB ikishapotea.

Na kama Windows itasema diski hii lazima iformatiwe kabla ya kutumika, kataa. Mara nyingi maana yake ni kwamba iPod iliandaliwa mara ya kwanza kwenye Mac, kwa mfumo wa HFS+ ambao Windows haiusomi. Tafuta mwenye Mac ufanyie kazi hiyo kwake: Mac husoma mfumo wake na wa Windows pia.

*Stima ilipotea katikati ya kutia nyimbo kwenye iPod nano. Sasa inaonyesha nyimbo 0, na hapohapo inasema nafasi imejaa.*
— Msomaji wa Shela, Lamu

Nyimbo zipo. iTunes hupeleka faili kwanza, kisha mwishoni huandika ile iTunesDB, ambayo ni kama faharasa ya kitabu. Stima ilipokatika, kurasa zilikuwa zimeshaingia na faharasa bado. Chombo hakiangalii faili moja moja, kinaangalia faharasa, kwa hiyo kwake hakuna wimbo. iTunes itaonyesha nafasi hiyo kwa jina la Other.

Ukisawazisha tena juu yake, faili zile za kwanza zitabaki zikikaa bure. Kama nyimbo zote unazo kwenye kompyuta, fanya Restore, yaani ifute yote, uanze upya. Utahitaji intaneti, kwa kuwa iTunes hushusha programu ya iPod wakati huo. Kama hunazo, zitoe kwanza kwa njia tuliyomweleza binti wa Barani. Baadaye tia nyimbo kwa mafungu ya 300 au 500, usubiri kila fungu limalizike, ili faharasa iandikwe kila mara. Tumia laptopu yenye betri inayoshika. Na kila mara bofya Eject kabla ya kuchomoa, hata kama skrini haina maneno ya kukuzuia.

*iPod Classic yangu inaanza kusawazisha vizuri, ikifika katikati inasimama na ujumbe kwamba diski haiwezi kusomwa wala kuandikwa. Wakati mwingine nasikia tik tik ndani.*
— Fundi wa saa, Mkomani, Lamu

Hiyo tik tik ndiyo habari yenyewe. Ndani ya iPod Classic mna diski halisi inayozunguka, ya inchi 1.8, na mkono wa kusomea unaopita juu yake. Mkono ukishindwa kusoma, unarudi mwanzo na kujaribu tena, nawe unasikia tik. Nakili vilivyomo leo hii, kwa Disk Mode. Usianze na chkdsk, ile amri ya Windows ya kurekebisha diski, wala Restore, maana zote mbili huichosha diski iliyo taabani.

Ukishanakili, pima. Anzisha upya kwa Menu na kitufe cha katikati. Tufaha likitokea, shikilia kitufe cha katikati pamoja na cha kurudi nyuma. Utaingia kwenye menyu ya ukaguzi yenye maandishi meupe. Chagua ManualTest, kisha IO, HardDrive, HDSMARTData. Gurudumu likikataa kuzungusha, tumia vitufe vya mbele na nyuma. Wewe ni mtu wa saa, utaipenda skrini hii. Tazama mistari miwili: Reallocs na Pending Sectors. Reallocs ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihama. Pending ni sehemu ilizoshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya nazo. Zote zikiwa 0, yaelekea diski ni nzima na kosa lipo kwingine. Pending ikiwa juu ya 0, au Reallocs ikiongezeka ukipima tena baada ya wiki, diski inakufa. Hakuna programu itakayoifufua. Kutoka, shikilia tena Menu na katikati.

Tuseme namba ni safi. Basi huenda kuna faili moja mbovu inayoikwamisha kazi. Tengeneza orodha mbili, kila moja nusu ya nyimbo, usawazishe ya kwanza. Ikipita, ubovu uko kwenye ya pili, igawe tena. Kwa nyimbo 1,000 utaupata wimbo wenyewe kwa kugawa mara kumi tu. Usipopatikana, weka Disk Mode, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike `chkdsk P: /f`, ukibadilisha P kwa herufi ya iPod yako. Vipande vya faili vilivyokosa mwenyewe utavikuta kwenye folda ya FOUND.000.

Diski ikiwa ndiyo mbovu, iPod haijafa. Kuna kadi ndogo za kubadilishia, maarufu zaidi iFlash, zinazokaa mahali pa diski na kubeba SD au microSD. Chombo huwa chepesi, hakina tena kitu cha kuzunguka, na betri hukaa muda mrefu zaidi. Angalia mwaka kabla ya kununua kadi kubwa: kwa kadi hizi, iPod Classic za 2007 na 2008 hazioni zaidi ya GB 128, ya 2009 haina kizuizi hicho. Hatari ipo kwenye kufungua. Mfuniko wa chuma umeshikwa na vibano pande zote, na mara unapoachia, utepe wa betri unaounganisha nusu mbili ni mfupi kama kucha. Inua kwanza kibano chake kidogo, ndipo uuvute. Fundi akiuvuta bila kukiinua, tundu linang'oka kwenye ubao, na hapo hata chuma cha kulehemia kinahitaji mkono hodari.

*Nina SanDisk Sansa Clip+ na memori kadi ya GB 64. Nimenakili kasida, kompyuta inaziona, chombo hakizioni. Nyingine zinatokea kwa alama za kuuliza.*
— Msomaji wa Majengo, Malindi

Kadi za GB 64 huja na mfumo wa exFAT, na Clip+ huusoma FAT32 tu. Nakili vilivyomo, kisha iformati upya kwa FAT32. Dirisha la kawaida la Format la Windows kwa miaka mingi limekataa FAT32 juu ya GB 32, kwa hiyo tumia programu ya bure ya guiformat, ukichagua 32768 kwenye ukubwa wa fungu. Kabla ya kuirudisha kwenye chombo, ipime kwa H2testw: kadi za bandia zilizoandikwa 64 na zenye 8 ndani zimejaa sokoni, nazo hupokea faili zote bila kulalamika na kuzitupa.

Kwenye chombo, ingia Settings, System Settings, USB Mode, uchague MSC. Ukikiacha kwenye MTP, nyimbo ulizozitia kwa njia moja mara nyingi hazionekani kwenye kompyuta ukirudi kwa njia nyingine. Ukikuta faili zinazoanza na nukta na mstari wa chini, zimeachwa na Mac, zifute. Kwa anayetumia Mac, kumbuka pia kumwaga Trash kabla ya kuchomoa, la sivyo ulivyovifuta vinaendelea kukaa kwenye chombo.

Alama za kuuliza ni majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa lebo zisizoyajua maandishi hayo. Fungua Mp3tag, nenda kwenye mipangilio ya Tags, Mpeg, uchague ID3v2.3 UTF-16. Chagua faili zote, uandike majina upya pale yalipokwisha kugeuka alama, kisha uzihifadhi. Usichague ISO-8859-1: inafaa kwa Kiswahili, haina herufi hata moja ya Kiarabu.

*Kasida tunazotumiana WhatsApp haziingii kwenye iPod. Naziburuta hadi iTunes, hazikai.*
— Mama wa Kisumu Ndogo, Malindi

Mama, sauti zilizorekodiwa ndani ya WhatsApp ni faili za opus, na iTunes haizitambui. Haikwambii kosa, inanyamaza tu. FLAC na OGG nazo ni hivyohivyo. Fungua VLC, Media, Convert/Save, uongeze faili, uchague Audio MP3. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, kbps 128 inatosha, na saa nzima itachukua karibu MB 58. Kwa taarab yenye udi, fidla na ngoma, weka 192 au 256. Usigeuze faili ileile mara mbili. Kila mara sauti hupungua kidogo, na aliyechukua ya kwanza ndiye mwenye nzuri.

*Mac yangu haina tena iTunes. iPod nitaisawazisha vipi?*
— Mwalimu, Lamu

Tangu macOS Catalina ya 2019, iTunes ilivunjwa. Chomeka iPod, fungua Finder, utaikuta upande wa kushoto chini ya Locations, na vichupo vya kusawazisha ni vilevile. Nyimbo zenyewe ziko kwenye programu ya Music. Kama Mac yako ina matundu ya USB-C pekee, tumia adapta inayoandikwa kwamba inapitisha data; zipo za kuchaji tu, na mwalimu atarudi kwenye tatizo la ndugu wa Langoni.